Trekta la Ekari Kumi na Moja

Tarehe 4 Juni

Mdogo wangu Spana,

Habari za huko, na za wifi na watoto? Mimi ni mzima. Goti la kushoto ndilo linalolalamika, nalo nimeliambia lingoje zamu yake. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu mambo ya mashine nayataka kwenye karatasi. Kwenye simu unasema mbio kama mtu anayekimbilia basi, nami nikishakata nabaki na neno moja tu la mwisho, "sawa."

Kwanza habari njema. Kiinua mgongo changu kimetoka. Miaka ishirini na saba ya jiko la hospitali, na yule karani aliyenikabidhi hundi akaniambia, "Mama, sasa kapumzike." Nikamjibu nitapumzika nikishalima.

Nataka kununua trekta. Nimechoka na Bwana Kesho. Wewe unamkumbuka, yule mwenye trekta la kukodisha, ukimwuliza lini anakuja jibu lake ndilo jina lake. Mwaka jana alinilimia mvua ikiwa imeshachoka kunyesha. Mahindi yakachanua juani, nikavuna magunzi yenye punje za kuhesabu. Nilikaa ukingoni mwa shamba nikasema basi, mwaka ujao simngoji mtu.

Sasa swali langu ni moja: ukubwa gani? Nilipita kwenye duka la matrekta nikayaona yamepangwa, kuanzia dogo kama toroli hadi moja ambalo kulitazama usoni lazima uinue kidevu. Jikoni nilijua kupima. Sufuria likizidi watu chakula kinashika chini, likipungua kinafurika na moto unazimika. Trekta sijui linapimwa kwa nini. Wewe ndiye fundi.

Tangu Baba afariki nalima kote, shamba la juu langu na la chini lako, na la chini nitaendelea kulitunza mpaka siku utakayolitaka mwenyewe. Kwa hiyo nipigie hesabu ya kote.

Wasalimie watoto, waambie shangazi yao anataka kuwa dereva.

Dada yako


Tarehe 16 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma hapa gereji wakati wa chai, nikawasomea wenzangu pale pa Bwana Kesho, wakacheka mpaka mmoja akamwaga kikombe. Hongera kwa kiinua mgongo. Umekivujia jasho.

Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua. Wengi huuliza baada. Hapa tunaletewa matrekta makubwa yaliyonunuliwa ili jirani aone, yanakunywa dizeli siku nzima kwa kazi ya asubuhi moja, na kila yakipita yanashindilia ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Tunaletewa pia madogo yaliyovutishwa mzigo usio wao, klachi imeungua, mwenyewe anasema kiwanda kilimdanganya. Trekta halina kosa. Lilioa nyumba isiyo yake.

Nipe vipimo. Shamba la juu lina mteremko kiasi gani, mtu akimwaga ndoo ya maji yanakimbia au yanatembea? Udongo wake bado ni ule mwekundu wa kusagika? Lango lina upana gani, na lile daraja la mfereji, magogo yake bado mazima? Banda la kuliweka lina kimo gani mlangoni? Na la muhimu kuliko yote: nani ataendesha? Kama ni wewe, pima mguu kutoka nyongani hadi kisigino. Usicheke. Nimeona watu wazima wananing'inia kwenye kiti hawafikii klachi.

Nieleze hasa shamba la juu. Hilo ndilo la kuanzia.

Mke wangu anakusalimu. Mimi mzima, kazi nyingi.

Spana


Tarehe 28 Juni

Mdogo wangu,

Vipimo hivi hapa. Nilizunguka siku nzima na utepe wa fundi cherehani.

Lango ni mita mbili na nusu, na nguzo moja imelala kama mlevi, hiyo nitainyoosha. Daraja nililikanyagia kwa kisigino gogo baada ya gogo. Manne mazima, la tano limeliwa na mchwa. Banda la zamani la ng'ombe lina mlango mfupi, mimi mwenyewe huinama, kwa hiyo paa litanyanyuliwa.

Mteremko wa la juu: nilimwaga ndoo ya maji kama ulivyosema. Yalitembea hatua tano, yakasimama, yakanywewa. Udongo ni ule ule mwekundu, ukiushika unavunjika mkononi. Ekari kumi na moja.

La chini hukuuliza, lakini nakueleza, maana trekta haliishii mpakani. Ekari kumi na tatu. Tambarare kama meza. Udongo mweusi, mzito. Kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia hadi kiwiko, na masika unakuvua viatu. Lakini ukiuwahi katikati, siku zile chache ukiwa umelainika haujanata, unazaa kuliko wangu mara mbili. Hata kwa kuchelewa kwa Bwana Kesho, magunia yako manne ya mwaka jana yalitoka huko.

Dereva ni mimi. Mguu ni sentimita tisini na moja. Jirani alinikuta nimejisimamisha ukutani nikijipima akaniuliza, "Unashonewa suruali?" Nikamwambia nashonewa trekta.

Kuna jambo dogo. Yule Bwana Tofali, mwenye tanuri la matofali kule ng'ambo ya barabara, amekuja mara mbili kusimama ukingoni mwa shamba lako. Mara ya pili nilimkuta amechimba kishimo, anafinyanga udongo kiganjani kama unga wa maandazi. Nikamwuliza kulikoni. Akasema anaupenda tu udongo mweusi, unamkumbusha kwao. Nikamwacha na kumbukumbu zake.

Haya, sema sasa. Nguvu za farasi wangapi?

Dada yako


Tarehe 10 Julai

Dada,

Shikamoo. Vipimo vyako ni safi kuliko vya mafundi wangu.

Jibu langu: chukua trekta la farasi thelathini. Ukubwa huo unaingia langoni bila kukwaruza, unapita darajani ukishabadilisha gogo la tano, na mguu wako utafika klachi na breki bila shida. Livutishe plau la diski mbili. Kwa udongo mwekundu utalima ekari mbili hadi tatu kwa siku, na jioni utashuka mgongo ukiwa bado wako. Tela la tani moja na nusu litakutosha kwa mavuno na maji. Usikubali kuuziwa tairi nyembamba za nyuma, na usilipe kabla hujalisikia likiwaka asubuhi likiwa baridi. Likiwa limeshachemshwa kabla hujafika, jiulize kwa nini.

Wauzaji watakusukuma uchukue hamsini. Usikubali. Lina bei karibu mara mbili, dizeli zaidi, vipuri zaidi.

Bwana Tofali usimjali.

Spana


Tarehe 21 Julai

Spana,

Nimesubiri siku tatu kabla ya kukujibu, nisije nikaandika kwa hasira.

Barua yako ilikuwa nzuri ila haikutaja shamba la chini hata mara moja. Nilikupa ekari ishirini na nne, ukanirudishia trekta. Nikasema labda fundi anajua, mimi nijualo ni kukoroga uji. Nikaenda dukani.

Muuzaji ni kijana mstaarabu, hakunisukuma hata kidogo. Aliniuliza nani ataendesha, nikamwambia mimi, akanipandisha kwenye la thelathini kisha kwenye la hamsini. Kote miguu ilifika. Halafu akauliza ekari, kisha udongo.

"Juu mwekundu, chini mweusi," nikamwambia.

"Mweusi wa kupasuka?"

"Mkono unaingia."

Akatikisa kichwa. "Mama, hili la thelathini juu litakimbia. Chini litasimama. Magurudumu yatazunguka palepale, utajichimbia kaburi. Kwa hizo ekari kumi na tatu ungehitaji hamsini, linalovuta magurudumu yote manne."

"Ndugu yangu amesema thelathini."

"Ndugu yako ameliona hilo shamba?"

"Amezaliwa humo. Na ni fundi wa matrekta, huu mwaka wa kumi na nane. Hajawahi kuniambia uongo. Hata alipokuwa mtoto akivunja kitu, alikuja kusema mwenyewe kabla hatujakiona."

Kijana wa watu akaomba radhi.

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Nikaona jibu ni moja tu, na hilo ndilo lililonikasirisha. Umenipunguzia trekta kwa kuwa mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa. Ile habari ya "mgongo ukiwa bado wako" nimeielewa. Mdogo wangu, nimenyanyua masufuria ya watu mia tatu kabla jua halijachomoza, miaka ishirini na saba, na wewe mwenyewe nimekubeba mgongoni ukiwa na surua, kutoka shambani hadi zahanati. Usinionee huruma kwa mlango wa nyuma. Ukiwa na sababu nyingine, iseme.

Sijalipa bado. Nakungoja wewe.

Dada yako


Tarehe 2 Agosti

Dada,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikifika pale ulipomjibu muuzaji naikunja.

Si kwa sababu ya umri wako, wala uanamke. Wewe hata lori ungeendesha.

Mzee mwenye gereji anastaafu. Mwaka huu mwezi wa nne aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia anataka kuniachia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa bei ambayo sitaipata tena duniani. Amenipa hadi mwisho wa Agosti. Miaka kumi na minane nimelala chini ya matrekta ya watu, Dada. Natoka pale na mafuta mpaka ndani ya masikio, na jina langu halipo hata kwenye kibao. Mke wangu alipopata habari alianza kusema "gereji yetu." Sikuwa na moyo wa kumwambia asubiri.

Mwezi wa tano Bwana Tofali alinifuata huku. Anataka shamba la chini. Tumepatana kwa mdomo, kutia sahihi ni tarehe 30. Najua anataka kufanya nini nalo. Aliniambia mwenyewe, mita tatu kwenda chini, uwanja mzima, miaka sita. Baada ya hapo sikumwuliza kitu, kwa sababu nilitaka nisijue zaidi.

Kwa hiyo ulipoandika kuhusu trekta nilijua la chini halitakuwepo msimu wa mvua. Farasi thelathini ni sahihi kabisa kwa ekari kumi na moja. Hapo sikudanganya. Nilidanganya kwenye idadi ya ekari.

Nilikuwa nitakuambia. Kila barua nilikuwa nitakuambia katika barua inayofuata.

Muuzaji wako anajua kazi yake.

Spana


Tarehe 12 Agosti

Spana,

Barua imefika. Shamba ni lako, Baba alikupa mbele ya watu na mimi nilikuwepo. Sina neno.

Magunia yako manne yako ghalani. Tuma mtu aje kuyachukua.

Dada yako


Tarehe 21 Agosti

Dada,

Shikamoo. Barua yako ya mistari minne imenielemea kuliko zote.

Nakuandikia kukueleza lililotokea, si kujitetea. Wiki iliyopita tuliitwa kwenda kutengeneza mashine ya kusukuma maji, mwendo wa saa tatu kutoka hapa. Njiani dereva akanionyesha mahali akasema, "Hapa ndipo Bwana Tofali alipoanzia." Nikamwambia asimamishe.

Nilifikiri nitaona shimo. Nilikuta mashimo kama ishirini, mengine yana maji ya kijani, na kati yao kuta nyembamba za udongo ambazo hata mbuzi hapiti. Upande wa juu kuna nyumba moja, na ua wake umeshakatika nusu, umeporomoka. Mama mmoja alikuwa anapanga matawi ya miiba kwenye ukingo, wajukuu wasikaribie. Nikamsalimia. Nikamwuliza kama lile lilikuwa shamba lake.

"La shemeji yangu," akasema. "Alipouza alihamia mjini. Ni mtu mzuri, hutuletea sukari."

Hakusema kwa ubaya hata kidogo, Dada. Alikuwa na kazi ya miiba, akaendelea nayo.

Jana nimempelekea Bwana Tofali ujumbe kwamba siuzi. Leo nimemwambia Mzee wa gereji. Akasema, "Ulikuwa wewe wa kwanza, sasa nitamwita wa pili." Wa pili ni fundi rangi wa hapa gereji, na keshasema ndiyo. Kuanzia mwezi ujao ndiye bosi wangu.

Mke wangu, niliyemwambia kabla yao, hakusema nami siku mbili. Usiku wa tatu aliuliza, "Hilo shamba lenyewe likoje?" Nikatambua miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kumpeleka zaidi ya sebuleni kwako.

Sasa nunua la farasi hamsini, la kuvuta magurudumu manne, na plau la diski tatu. Muuzaji alisema kweli. Kama fedha haitoshi niambie pengo ni kiasi gani, nitalijaza. Fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya gereji hazina kazi tena.

Nisamehe.

Spana


Tarehe 20 Agosti

Mdogo wangu,

Hasira imeisha, nimebaki na kazi.

Nimenunua la thelathini. Nililichukua siku nne zilizopita. Nilifikiri sana, nikaona mtu hununua nguo ya mwili alionao, na mimi nina ekari kumi na moja. Nililisikia likiwaka asubuhi likiwa baridi, kama ulivyofundisha. Lilikohoa mara moja likashika. Kijana muuzaji alinifundisha siku nzima, na siku ya pili nililileta mwenyewe nyumbani, nikiwa na watoto wote wa barabarani nyuma yangu kama bibi harusi. Langoni lilipita na nafasi ya kiganja kila upande. Gogo la tano nilishabadilisha.

Jana nililima ekari moja na robo. Mistari yangu inakwenda kama aliyekunywa, lakini imelimika. Goti halikuuma. Kumbe kilichokuwa kinaliua ni ngazi za hospitali.

Nimelitazama la chini nikiwa juu ya kiti. Kutoka pale juu unaliona lote kwa mara moja, sikuwahi kuliona hivyo. Nina ombi kabla hujatia sahihi. Andikeni kwenye karatasi kwamba Bwana Tofali aache hatua ishirini kutoka mpakani zisichimbwe, udongo wangu usije ukaporomokea kwake mvua zikija. Siliombi kama dada, naliomba kama jirani. Kama atakataa, hatua kumi.

Gereji ikishakuwa yako uniambie jina utakaloiandika kwenye kibao. Umeifanyia kazi.

Dada yako


Tarehe 31 Agosti

Dada,

Barua zetu zimepishana njiani. Ya kwako imenifikia juzi, na ya kwangu nadhani umeshaisoma. Nimekaa na hilo ombi lako la hatua ishirini mkononi, na mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa.

Hakuna atakayechimba. Hatua zote ni zako.

Nilimpigia kijana muuzaji kuuliza kama wanaweza kulirudisha la thelathini wakupe la hamsini. Alikuwa na adabu, akasema likishalima udongo linaitwa la zamani, wangelichukua kwa robo tatu ya bei. Sitaki upoteze robo kwa ajili ya kosa langu. Nami fedha nilizonazo hazifikii pengo kamili, nimezihesabu.

Kwa hiyo sasa una trekta la ekari kumi na moja na shamba la ekari ishirini na nne, na fundi aliyekushauri ni mimi. Ukimwona Bwana Kesho mwambie amepata mwenzake.

Usilipeleke chini kwanza. Nipe muda nifikirie.

Spana


Tarehe 15 Septemba

Mdogo wangu,

Nimesoma zote mbili, kwanza ya pili kisha ya kwanza, ndivyo zilivyonifikia. Nilisimama jikoni nikazisoma tena kwa mpangilio. Halafu nikatoka nikaenda kukaa shambani kwako mpaka jua likashuka. Sitaandika zaidi ya hapo. Ulikuwa unakivunja, na umekuja kusema mwenyewe.

Gereji imeniuma. Sikufurahi, usidhani nimefurahi. Mtu akikitaka kitu miaka kumi na minane hakitoki kama jino. Huyo fundi rangi akikusumbua, wewe tengeneza, yeye apake.

Uliniambia nisilipeleke chini. Nililipeleka. Ninyi mafundi mnajua kukataza, lakini mimi nilitaka nijue lilipo tatizo. Juu ya udongo mkavu plau liliteleza kama kijiko kwenye sahani. Nikangoja manyunyu ya wiki iliyopita, nikarudi. Lilikata hatua arobaini vizuri, kisha pua ikaanza kuinuka na magurudumu ya nyuma yakazunguka patupu. Nikazima kabla halijajichimbia. Watu wanne na kamba wakalitoa, na kila mmoja alikuwa na ushauri wake.

Injini haikulalamika, hilo nataka ulijue. Sauti yake haikubadilika. Ni kama mtu mwenye nguvu aliyevaa viatu vya kuteleza. Je, haliwezi kuwekewa viatu vingine?

Dada yako


Tarehe 26 Septemba

Dada,

Shikamoo. Ungekuwa umesomea ufundi ningekuwa naishi kwa kukufungulia mlango. Umepatia. Nguvu ipo, uzito haupo. Linahitaji kukanyaga.

Nimepata flaiwili nne za zamani, yale magurudumu mazito ya chuma ya ndani ya injini, kwenye rundo la vyuma nyuma ya gereji. Nimezitoboa na kuzisawazisha, mbili kwa kila gurudumu la nyuma, na mbele nitafunga kipande cha reli ili pua isiinuke. Tairi za nyuma tutazijaza maji robo tatu. Na plau tutalivua diski moja. Litabaki na moja. Utalima taratibu sana, ekari moja kwa siku, pengine pungufu, na ni katika zile siku chache tu udongo ukiwa katikati. Trekta halitakuwa kubwa kwa hayo yote. Litakuwa zito tu, na jembe dogo. Mimi na wewe tutalazimika kuwa na subira.

Bosi amenipa likizo ya wiki mbili, akanipa na lifti ya kubebea vyuma hadi stendi. Si mtu mbaya. Mke wangu anakuja, anataka kuliona. Watoto watabaki kwa bibi yao mzaa mama.

Mvua ya kwanza ikilowesha vumbi tu, nitumie neno moja. Usingoje ya pili.

Spana


Tarehe 3 Novemba

Mdogo wangu,

Mliondoka Jumapili ya wiki iliyopita, na Jumanne wiki hii mvua kubwa imeshuka. Hata nisingeitazama ningeijua kwa harufu. Sasa chini hapakanyagiki, viatu vimebaki kwangu mlangoni vimevaa udongo kama soksi.

Nimehesabu kwa hatua, nikahesabu tena. Tumelima ekari tisa. Siku kumi, ekari tisa, kwa diski moja. Bwana Kesho alipita barabarani juzi, akasimama, akaangalia mistari, akauliza ni trekta gani lililoingia kule. Nilipomwonyesha hakusema kesho.

Mwambie wifi mistari yake ndiyo iliyonyooka kuliko yote. Siku ya kwanza alipopanda trekta nilikuona umeshika kofia kifuani kama uko msibani, na yeye akageuza kule mwisho wa shamba bila hata kukanyaga mpaka. Uliniambia mlipokuwa mnafunga zile flaiwili kwamba alikuwa bado ana kinyongo cha gereji. Anacho, aliniambia mwenyewe tukiosha vyombo. Akasema, "Ningependa kuwa nayo, shangazi yao. Lakini sasa nimeshaona alichokuwa anataka kuuza." Mwachie muda wake, usimharakishe kupona.

Wewe nilikutazama jioni ile ya mwisho, ulipoinama ukashika bonge la udongo, ukalivunja, ukaliweka chini tena taratibu kama yai. Nasema sasa: nilifurahi.

Ekari tisa nimezipanda alizeti. Nilitumia mikono ya majirani watatu, tulimaliza kabla mvua haijafunga. Leo asubuhi nimekwenda kutazama kutoka kwenye kingo, na kwenye mistari ya wifi vichipukizi vimeshaanza kupasua ardhi, vidogo, vimeinamisha vichwa.

Zile ekari nne za mwisho, kule kwenye kona ya mfereji, zimebaki majani. Watu wananiuliza kwa nini nimeziacha wakati nina trekta. Nawaambia zinamngoja mwenyewe.

Dada yako